Melania Dismasi Ntahondi, Aliyeitwa Bwana Mifugo

Ijumaa, tarehe 16 Septemba 2016, saa kumi na nusu jioni, nyumbani kwake Katubuka, marehemu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani akipunguza kwato za mbuzi jike mmoja aliyebaki zizini, mumewe akiwa amemshika mbuzi huyo pembe na shingo, na kila mbuzi aliporusha mguu marehemu alimwambia mumewe, "Mshike vizuri, Mwalimu, huyo si mwanafunzi wako, hakuogopi," na mumewe akamjibu kwamba wanafunzi nao siku hizi hawamwogopi, wakacheka wote wawili. Alimaliza kwato za miguu mitatu. Kabla ya kuushika mguu wa nne alisema anasikia baridi, ingawa jua lilikuwa bado kali ukutani, akaomba kanga ya kujifunika, akasema mguu huo utangoja kesho. Mbuzi yule yupo mpaka leo, anachechemea, na familia inaomba asiguswe na mtu yeyote, wala asichinjwe kwa chakula cha msiba huu, kwa sababu ambazo zitaelezwa mbele.

Historia hii imeandikwa na mume wa marehemu, Mwalimu Bonifasi Rusaba, na inasomwa kwenu na Feliksi, mdogo wake marehemu, kwa kuwa mwandishi ameona hataweza kuifikisha mwisho kwa sauti yake mwenyewe. Amemwomba msomaji asiruke tarehe yoyote, hata zile ambazo hazitawapendeza baadhi ya waliopo.

Marehemu Melania Dismasi Ntahondi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968 katika kijiji cha Heru Juu, Kasulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Dismasi Ntahondi na Mama Eufrasia, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Ntahondi ni jina la Kiha, lilikuwa la babu yake, aliyeishi na kuzikwa Heru Juu, na mwandishi anaomba jambo hilo likumbukwe, kwa kuwa litahitajika.

Alianza darasa la kwanza kijijini kwao mwaka 1976, akamaliza la saba mwaka 1982, akiwa mmoja wa wasichana wawili waliochaguliwa kuendelea na sekondari kutoka shule ile. Masomo ya sekondari aliyapata mkoani Tabora kuanzia mwaka 1983 hadi 1986, kisha akajiunga na Chuo cha Mifugo Mpwapwa, alikohitimu mwaka 1989. Huko Mpwapwa, kwa maelezo yake mwenyewe, alifundishwa mchana mmoja tu juu ya homa ya Q, ugonjwa unaokaa kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, ambao humwingia binadamu kwa kuvuta hewa yenye vumbi la zizi, na hasa kwa kushika kondo la nyuma na maji ya uzazi ya mnyama aliyezaa au aliyetupa mimba. Alikuwa akisema kwamba ugonjwa ule ulionekana mtihanini mara moja, na tangu pale hakuna aliyeuliza tena.

Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1989 na kupangiwa Ilagala. Siku ya kwanza mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba Bwana Mifugo mpya atakuja kukagua mifugo, watu wakakusanyika na ng'ombe wao, akashuka kwenye lori msichana wa miaka ishirini na mmoja mwenye viatu vya mvua mkononi, wakamwuliza, "Binti, Bwana Mifugo yuko wapi, amebaki nyuma?" Akawajibu, "Ndiye mimi." Mzee mmoja akavua kofia, akasema, "Basi shikamoo, Bwana Mifugo," watu wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka, na tangu siku ile jina hilo halikumwacha. Alipohamishiwa mjini Kigoma mwezi Machi 1996, ofisi ilijaribu kumwita Bibi Mifugo, watu wakakataa, wakasema cheo ni cheo. Kuanzia Kibirizi hadi Bangwe, wachinjaji, wavuvi wenye mbuzi wawili watatu, akina mama wenye kondoo uani, wote walimwita Bwana Mifugo, na majirani wa karibu walimwita Mama Agnesi. Jina lake la ubatizo lilijulikana kanisani, kwenye faili la ofisi na nyumbani kwake.

Mwezi Julai 1990, akiwa Ilagala, aliitwa kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa katika boma la mzee mmoja, na aliyepewa kazi ya kushika kamba alikuwa mtoto wa mzee yule, mwanafunzi wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa likizo. Mwanafunzi huyo alizirai, ila kamba hakuiachia. Marehemu aliwahi kueleza mbele ya mashahidi kwamba hilo la kamba ndilo lililomfanya amkubali. Walifunga ndoa takatifu tarehe 21 Desemba 1991 hapa Kigoma, na wameishi katika ndoa kwa miaka ishirini na minne, miezi tisa na siku kumi na saba. Mungu aliwajalia watoto watatu, Agnesi, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1993, ambaye ameolewa Ilagala na sasa ana mimba ya miezi sita, Dismasi, aliyezaliwa mwaka 1995 na kufariki akiwa na miezi minne kwa homa iliyoandikwa malaria, na Eufrasia, aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye yuko chuo cha ualimu.

Katika kazi yake marehemu aliona watu wakivuka kuja kwetu kutoka Burundi mara mbili. Mwezi Oktoba 1993 alipelekwa vijiji vya mpakani kuchanja ng'ombe wa waliokimbia, na kwa kuwa Kiha chake na Kirundi chao vilielewana, wengi walimwita dada. Mwezi Mei 2015 walipojaa Kagunga, wakaletwa kwa meli na kulala uwanjani hapa mjini kabla ya kupelekwa kambini, alishinda ufukweni Kibirizi akikagua mbuzi waliokuwa wakishushwa kwenye mitumbwi na kununuliwa na wenyeji. Alikagua kwa mikono mitupu. Aliiomba ofisi glavu kwa barua za tarehe 11 Februari, 6 Mei na 19 Julai 2016, na nakala za barua hizo zimo ndani ya kabati lake, zimepangwa. Barua ya tatu ilijibiwa kwa neno moja, kwamba imepokelewa.

Jirani yetu Bi Mwanakombo, ambaye nyumba yake na ya marehemu zinatenganishwa na ua wa matete, alikuwa na mbuzi majike wanne waliotoka Kibirizi. Katika nusu ya pili ya mwezi Agosti watatu walitupa mimba, wa mwisho Jumapili tarehe 28, baada ya misa, na marehemu alimhudumia huyo kwa kuvaa mfuko wa nailoni wa mkate mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa mtupu, akaagiza kondo la nyuma lizikwe kwa kina cha goti na kufunikwa majivu, mbwa wasilifikie. Mbuzi wa marehemu, yule anayechechemea, alikuwa upande wa pili wa ua huo na hajapimwa, ndiyo maana familia imeomba asiguswe wala asichinjwe. Tarehe 30 Agosti, Agnesi, aliyekuwa amekuja kumsalimia mama yake, alifagia zizi la Bi Mwanakombo, kwa kuwa mtoto aliyefundwa hakai bure akiona mkubwa anainama. Hakuna aliyemkataza. Mama yake alikuwa kazini, na baba yake alikuwepo, akisahihisha madaftari.

Marehemu alimwambia mumewe kwamba mbuzi watatu katika wiki mbili si bahati mbaya, na tarehe 29 Agosti aliandika taarifa iliyofika kwa watafiti wa homa waliokuwa wakipima watu katika manispaa na vijiji vya ufukweni. Ndiyo kusema watafiti wale waliletwa Katubuka na marehemu mwenyewe. Walifika Jumatatu, tarehe 12 Septemba, kuandikisha majina ya wafugaji, wachinjaji na wote wanaoshika mifugo, na kwa kuwa watu walisita, marehemu alipita mlango kwa mlango kuwashawishi. Bi Mwanakombo alimwuliza ni homa gani hiyo, alipoambiwa jina lake akasema, "Kyu? Hiyo herufi haimo hata kwenye vitabu vya watoto wetu, sasa itatupataje, Mama Agnesi?" Kijana mmoja wa buchani akadakia kwamba ugonjwa umekuja na mbuzi wa wakimbizi, na marehemu akamgeukia akamwambia, "Mbuzi wa bibi yangu walitupa mimba Heru Juu kabla baba yako hajamwona mkimbizi hata mmoja, kajiandikishe." Kijana akajiandikisha.

Walioandikishwa kutoka mtaa wetu walikuwa kumi na mmoja. Watafiti walimwomba mume wa marehemu awasaidie kujaza fomu, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Alijaza majina matatu ya kila mtu kama yalivyo kwenye cheti au kadi ya kupigia kura, herufi kwa herufi. Chini ya jina fomu ilikuwa na mstari mwingine, ulioandikwa, jina analojulikana nalo mtaani. Mume wa marehemu aliona si heshima kuandika majina ya mtaani kwenye karatasi ya damu ya mtu, akachora kistari kwenye fomu zote kumi na moja, kwa rula.

Homa ya marehemu ilianza jioni ile ya kwato. Jumamosi, tarehe 17 Septemba, alipelekwa kwenye zahanati ambayo familia imeamua kutoitaja, akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha hana malaria, akapewa dawa ya malaria. Tarehe 20 watafiti walirudi kuchukua damu na kuipeleka kupimwa kwenye maabara kubwa nje ya mkoa, naye alitoa damu yake akiwa amejifunika blanketi, akawasimamia majirani zake mpaka wa mwisho. Tarehe 22 alirudishwa zahanati kwa maumivu makali ya kichwa, kipimo kikaonyesha tena hana malaria, mhudumu akasema malaria ya siku hizi inajificha, akaandikiwa dawa ya malaria yenye nguvu zaidi na ya homa ya matumbo juu yake. Tarehe 24, ili mgonjwa apumzike, mumewe aliizima simu ya marehemu na kuiweka kabatini. Namba ya simu hiyo ndiyo aliyokuwa ameiandika kwenye fomu.

Jumatatu, tarehe 26 Septemba, alilazwa hospitali. Kipimo cha tatu kilisema kama viwili vya kwanza. Mume wa marehemu alimweleza mganga wa zamu kwamba mgonjwa ni mtaalamu wa mifugo, kwamba amewashika mbuzi waliotupa mimba wiki nne zilizopita, kwamba watafiti wamechukua damu yake kwa ajili ya homa ya Q, akaombwa asubiri kidogo, kisha akajibiwa, "Mwalimu, huku tunatibu watu." Mgonjwa alisikia, na ingawa alikuwa akihema kwa shida alisema, "Mwambie na mimi huko nilikuwa natibu watu, nilikuwa naanzia mbali tu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye utani ambayo mumewe anayakumbuka.

Alhamisi, tarehe 29 Septemba, majibu ya kwanza yalifika kwenye zahanati ya mtaa, ya wale waliokuwa na homa siku ya kupimwa. Bahasha za Katubuka zilikuwa tatu. Moja ilikuwa ya Mzee Khamisi, haikuwa na ugonjwa. Ya pili ilikuwa ya Abdulatif, mchinjaji, ambaye mtaa mzima unamwita Abdulatif, akaletewa buchani kwake kabla ya adhuhuri, akaambiwa ana homa ya Q, akaandikiwa doksi ya wiki mbili, dawa iliyopo katika kila duka la dawa kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Siku ya nne alikula vizuri. Leo Abdulatif yupo hapa, ndiye aliyeshika jeneza upande wa kulia mbele, na familia inamshukuru.

Bahasha ya tatu iliandikwa Melania Dismasi Ntahondi. Aliyetumwa kuipeleka alipiga simu, haikupatikana, akaja mtaani kwa miguu, akauliza bombani, na waliokuwa wakichota maji wakatazamana. Akajibiwa na mtu mmoja kwa nia njema, "Melania? Hapa hatuna Melania. Na hilo Ntahondi ni la ng'ambo, dada, katafute kwa wale wageni wa uwanjani." Alirudi na bahasha yake, na mtu mwingine, ambaye naye huenda alikuwa na nia njema, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu, mkimbizi, ipelekwe kambini. Wakati huo mwenye jina alikuwa wodini, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu kutoka kwenye bomba lile.

Jumamosi, tarehe 1 Oktoba, mumewe alikwenda zahanati ya mtaa kuulizia majibu, akakuta pamefungwa. Jumatatu, tarehe 3, alirudi, akaambiwa na karani kwamba majibu yote ya Katubuka yameshatoka na daftari limefungwa, na kama ya mama hayakuonekana basi huenda damu yake iliharibika njiani. Aliomba kuliona daftari, akaambiwa daftari si la kila mtu. Alikaa pale kwa muda wa dakika kumi na moja, akarudi hospitali, akamwambia mkewe kwamba majibu bado, na mkewe akafumba macho. Tarehe 4 kifua kilijaa. Tarehe 6 alianza kuwa wa njano machoni. Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 2016, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Melania Dismasi Ntahondi alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, miezi mitano na siku ishirini na nne. Kwenye karatasi ya ruhusa ya maziko imeandikwa kwamba amefariki kwa malaria kali. Vipimo vitatu vilivyosema hana malaria vimebanwa pamoja na karatasi hiyo kwa pini moja.

Alasiri ya siku hiyo hiyo, fundi seremala alikuwa amekaa uani akiandika msalaba kwa rangi nyeupe, watu wakiwa wameanza kujaa, akaingia Hamdani wa Ujiji, dereva wa gari linalopeleka dawa na nyaraka kambini, mtu aliyewahi kumwendesha marehemu katika chanjo za mbuzi zaidi ya mara kumi. Alikuja kumlilia Bwana Mifugo. Alisimama mbele ya msalaba, akasoma, akasoma tena kwa kidole, rangi ikiwa bado mbichi, akamwuliza fundi, "Huyu ni nani?" Fundi akasema, "Si ndiye Bwana Mifugo." Hamdani alitoka bila kuaga, akaenda garini, akarudi na bahasha ameishika kwa mikono miwili, akamwambia mume wa marehemu, "Mwalimu, jina hili nimetembea nalo siku tisa. Kambini wametafuta kwenye orodha, wamepata akina Melania wawili, si hao. Jana wamenirudishia. Mwalimu, mimi sikujua kama ana jina lingine."

Ndani ya bahasha mlikuwa na majibu, kwamba ana homa ya Q, ile ya awali inayoanza ghafla na inayopona, pamoja na jina la dawa na idadi ya vidonge. Mlikuwa pia na barua ya maelezo kwa wahudumu, isemayo kwamba kati ya watu mia moja sitini na watatu wenye homa waliopimwa, wote wakiwa watu walio karibu na mifugo, kumi na watatu walikutwa na homa ya Q ya awali, na tisa tu ndio waliokuwa na malaria, ingawa waliokwisha kupewa dawa ya malaria walikuwa mia moja arobaini na mmoja. Mume wa marehemu amefundisha asilimia kwa miaka ishirini na mitano. Hao kumi na watatu ni karibu wanane katika kila mia. Amejaribu kuandika sentensi nyingine baada ya hiyo, akaifuta.

Bi Mwanakombo aliposikia bahasha ikisomwa alikaa chini kwenye mchanga, akasema mbele ya watu wote, "Ni mimi, Mwalimu. Pale bombani ni mimi niliyesema. Miaka ishirini naomba chumvi kwa mwanamke huyu, amenizalishia mbuzi, ameniuguzia mama, sijui anaitwa nani." Mume wa marehemu alimwambia ainuke, akamweleza habari ya kistari na rula, na habari ya simu iliyoko kabatini. Msije mkamlaumu Bi Mwanakombo barabarani. Na msije mkasema tena kwamba ugonjwa ni wa wakimbizi, kwa kuwa kilichomuua marehemu ni wenyeji kusoma jina la mwenyeji wakaliona la mkimbizi, na kama angekuwa mkimbizi kweli, bahasha ingemfikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, waliompa dawa ya malaria kwa wakati, bila kukosa hata dozi moja, na kwa lugha nzuri. Inamshukuru kwa namna ya pekee muuguzi Safina, aliyesema tarehe 4 Oktoba kwamba kifua hiki hakifanani na malaria, akaambiwa afuate cheti. Inawashukuru majirani wa Katubuka, Waislamu kwa Wakristo, waliopika, waliochimba na waliolala chini. Inawashukuru watumishi wenzake wa idara ya mifugo kwa turubai na gari, na inawataarifu kwamba boksi la glavu lilifika ofisini tarehe 5 Oktoba, liko juu ya meza yake, halijafunguliwa, na ni vyema lifunguliwe. Inamshukuru Hamdani, ambaye angeweza kuichana bahasha ile na asijulikane na mtu yeyote, akaileta.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, tarehe 9 Oktoba, jana, saa kumi na mbili na nusu, mume wa marehemu alichukua daftari, akachora safu mbili, akaandika juu ya ya kwanza, jina la cheti, na juu ya ya pili, jina la kuitwa, akatoka kwenda kwa wale wanane ambao majibu yao hayajatoka, nyumba moja baada ya nyingine, akiuliza swali moja. Watu waliona aibu kumjibu mfiwa. Mmoja alikohoa, akasema, "Mwalimu, andika tu Mgebuka, kama yule samaki, kwa wembamba huu." Mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema anaitwa Saa Mbovu na akaomba mkewe asiambiwe kwamba anajua. Yusra wa maandazi alisema ndivyo hivyo hivyo, Yusra wa Maandazi. Bi Mwanakombo alilitaja lake polepole, la cheti na la kuitwa, kama mtu anayeapa. Aliandika yote kama yalivyotamkwa. Wa tisa alikuwa yeye mwenyewe, aliyeishika shingo ya mbuzi yule, akajiandika Mwalimu. Wa kumi alikuwa Agnesi, ambaye hakuwa ameandikishwa kabisa, na ambaye tangu Alhamisi alikuwa akisikia baridi na kunyamaza ili asiongeze msiba juu ya ugonjwa. Baba yake alimwuliza anaitwaje hapa mtaani, na Agnesi akasema, "Mtoto wa Bwana Mifugo."

Alimwandika wa kwanza, juu ya wote. Saa mbili kasorobo walikuwa hospitali, mbele ya daktari, daftari limefunguliwa mezani, bahasha juu yake. Daktari alisoma yote mpaka mwisho, akampa Agnesi dawa, si doksi, kwa ajili ya mimba, nyingine inayofaa, na akamtoa damu, na majibu yatafika Ijumaa. Yataulizwa kwa majina yote mawili. Kabla ya kuondoka mume wa marehemu aliiomba ile fomu ya mkewe ya tarehe 12 Septemba, nakala iliyobaki hapo, akaitafuta sehemu yenye kistari, na juu ya kistari, kwa mwandiko unaosomeka, akajaza kilichotakiwa.

Pumzika, Melania Dismasi Ntahondi. Pumzika, Bwana Mifugo. Hapa tunakujua.